Volkswagen Beetle inazima kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta): anza na moto wa plagi

Ndugu, umesema Beetle yako ya 1600 inazima ukiachia mafuta, inamisi (inakatakata moto) mlimani, na ukaguzi wa trafiki ni wiki ijayo. Tafadhali usifungue kabureta bado. Fungua kifuniko cha distributa, kigawa moto wa plagi: pointi (vidude vinavyofunga na kufungua umeme wa moto) zikiwa zimeungua, zibadilishe pamoja na kondensa, kifaa kidogo kinachozilinda zisiungue, uweke mwanya wa milimita 0.4 pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Ndipo utege taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, maana mwanya ukibadilika nayo inahama. Mafundi wengi wanaruka hapo, inaniuma sana.

Kisha washa swichi bila kupiga stata, uchomoe na kurudisha waya wa solenoidi ya kabureta (vali ya umeme inayofungua mafuta ya sailensi). Isipolia "tik", huenda ndiyo inayozima gari. Ikilia, safisha jeti ya sailensi (kitundu kidogo cha kupitisha mafuta) kwa hewa, kamwe si kwa waya. Mipira ya manifoldi (bomba la kupeleka hewa na mafuta kwenye injini) ikipasuka, badilisha.