Kompyuta ya nyumbani ipewe anwani na ruta

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa Moshi zimekwisha kutumika maofisini, na mtu anayeinunua kwa bei nafuu huuliza ukubwa wa diski na umri wa mashine, lakini haulizi huko ilikotoka ilikuwa imeunganishwaje na mtandao. Kwa sababu hiyo, kila ninapoitwa kuangalia kompyuta ambayo "haishiki intaneti", ushauri wangu wa kwanza huwa ni ule ule: kabla hujakubali kupigiwa Windows upya, fungua mipangilio ya mtandao uone kama anwani imeandikwa kwa mkono au inapokelewa yenyewe. Kupiga Windows upya huliondoa tatizo hili, hilo silikatai, lakini huweza kuondoka pia na picha, nyaraka na programu za mwenye kompyuta, naye akalipia kazi ya siku nzima kwa jambo linalotengenezwa kabla chai haijapoa.

Kila kifaa kilichomo kwenye mtandao hutambulika kwa anwani ya IP, yaani namba nne zinazotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Anwani za ndani ya nyumba hutoka katika mafungu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 kwa ajili ya mitandao ya ndani, na fungu tunalolikuta zaidi majumbani ni lile linaloanza na 192.168. Mgawaji wa anwani hizo ni ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, na utaratibu anaoutumia huitwa DHCP. Kompyuta inapowaka hutuma ujumbe kwa mtandao mzima kuuliza kama yupo mgawaji. Ruta hujibu kwa kupendekeza anwani. Kompyuta huiomba anwani hiyo. Ndipo ruta inapothibitisha. Pamoja na anwani hiyo, kompyuta huelezwa lango la kutokea ni lipi, ambalo kwa nyumbani ni ruta yenyewe, na pia seva ya DNS, ambayo kazi yake ni kutafuta namba inayolingana na jina la tovuti unaloliandika. Anwani inayotolewa hivyo ni ya kupanga: ina muda wake, na kwa kawaida muda huo ukifika nusu kompyuta huomba kuongezewa bila kumsumbua mwenye nyumba.

Ofisini mambo yanaweza kuwa tofauti. Mafundi wengi wa ofisi huandika anwani za kudumu kwa mkono ili wajue kila mashine ilipo, na mashine inapouzwa, anwani zile huondoka nayo. Mama mmoja jirani yetu wa Pasua aliniita baada ya kuambiwa na fundi kwamba kadi ya mtandao ya kompyuta yake imekufa. "Mwanangu, simu za watoto zote zinafungua, hii tu ndiyo imenuna," alinieleza. Nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ipconfig /all na kubonyeza Enter. Kwenye mstari wa "DHCP Enabled" palisomeka "No", anwani ilianza na 10.20, na lango nalo lilikuwa la fungu hilo hilo, ilhali ruta yake ndogo ya laini ya simu ilikuwa ikitumia 192.168.8.1. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Kompyuta ilikuwa inalitafuta lango la ofisi ambayo mama yule hakuwahi hata kuifahamu.

Wapo pia wanaopata tatizo hili bila kununua kompyuta iliyotumika. Mtu huandikiwa anwani ya mkono siku ruta ilipofungwa, mambo yanakwenda vizuri kwa miezi, kisha anahamia kwa mtoa huduma mwingine na kuletewa ruta inayotumia 192.168.1 badala ya 192.168.8, na kuanzia siku hiyo kompyuta haitoki nje. Tatizo linalosumbua zaidi ni lile la vifaa viwili kugongana, kwa sababu huja na kuondoka. Ukiandika kwa mkono anwani iliyomo katika fungu ambalo ruta hugawa, ipo siku kompyuta itakuwa imezimwa na ruta itampa simu ya mgeni anwani ile ile. Baadhi ya ruta za bei rahisi husahau orodha yao ya ugawaji zinapozimika, na kwa jinsi umeme unavyokatika na kurudi mitaani kwetu, nafasi ya kugongana ni kubwa. Watu hulaumu mtandao kuwa wa kusuasua, kumbe ni vifaa viwili vinavyogombea namba moja.

Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya mipangilio iliyopo kwa simu yako, ili ukihitaji kurudi nyuma uwe na pa kurejea. Kwenye Windows 11, fungua "Settings", ingia "Network & internet", chagua muunganisho unaoutumia, kisha utafute mstari wa "IP assignment", ubonyeze "Edit" na kubadilisha "Manual" kuwa "Automatic". Kwenye matoleo ya zamani, njia fupi ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kuandika ncpa.cpl, kufungua sifa za muunganisho na kuchagua mstari wa toleo la 4 la itifaki ya intaneti ("Internet Protocol Version 4"). Hapo utaona chaguo la juu linaloruhusu anwani ipatikane yenyewe. Kumbuka kwamba waya na Wi-Fi kila kimoja kina mipangilio yake. Nimeona watu wakirekebisha upande wa waya, kisha wakalalamika kwamba Wi-Fi bado imegoma.

Hapo wengi huishia njiani. Anwani ikishawekwa ijipatie yenyewe, seva ya DNS inaweza kubaki imeandikwa kwa mkono, kwa kuwa ni chaguo la pili, chini kidogo ya la kwanza, na Windows 11 ina mstari wake wa pekee uitwao "DNS server assignment". Dalili yake ni rahisi kuitambua: kompyuta inaonyesha imeunganishwa, ukiandika ping 8.8.8.8 kwenye lile dirisha jeusi, yaani amri ya kuuliza kama mashine yenye anwani hiyo huko nje inafikika, unapata majibu, lakini hakuna tovuti inayofunguka kwa jina. Badilisha na mstari huo, kisha andika ipconfig /renew ili kompyuta iombe anwani upya papo hapo, au uizime na kuiwasha tena ikiwa hupendi kuandika amri.

Angalia sasa umepewa anwani gani. Ikianza sawa na ya ruta yako, kazi imekwisha. Ikianza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliuliza, haikujibiwa, ikajipangia namba yenyewe ili isikae bure. Katika hali hiyo usiendelee kuchokonoa mipangilio ya kompyuta, maana yenyewe imefanya wajibu wake. Angalia waya umekaa sawasawa, zima ruta na kuiwasha tena, na uhakikishe kwamba ugawaji wa DHCP haukuzimwa ndani ya ruta. Bando lililokwisha halileti namba hizo, kwa sababu ruta hugawa anwani za ndani hata kama haina njia ya kutoka nje.

Kwa kompyuta zilizotoka ofisini kuna mtego mwingine mdogo: proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari huelekezwa kuipitia kabla ya kutoka nje. Ikiwa ping inajibu hata kwa majina ya tovuti na kivinjari bado kinakataa, ingia kwenye "Proxy" ndani ya mipangilio ile ile ya mtandao na uzime proksi iliyoandikwa kwa mkono. Kompyuta ambayo bado ni mali ya mwajiri ni suala jingine; hiyo iache kama ilivyo, umuulize mhusika wa TEHAMA wa ofisini kwako.

Hoja pekee ya kutaka anwani isiyobadilika nyumbani ambayo naiona ina uzito ni ya printa, hasa kwa wale wanaoendesha steshenari ndogo sebuleni au kwenye fremu mbele ya nyumba, maana printa ikibadilishiwa anwani kompyuta huweza kuipoteza huku wateja wamesimama na vyeti vyao mkononi. Hata hapo sishauri kuandika anwani kwenye printa. Ruta nyingi zina sehemu ya kuhifadhi anwani kwa ajili ya kifaa kimoja: unaingiza namba ya MAC ya printa, yaani namba ya utambulisho ambayo kadi yake ya mtandao hupewa kiwandani, unachagua anwani, na kuanzia hapo ruta huipa printa ile anwani hiyo hiyo kila inapoomba, huku printa yenyewe ikibaki katika hali ya kujipatia. Namba ya MAC mara nyingi ipo kwenye kibandiko nyuma ya printa, na kama kimechanika, ichapishe printa ukurasa wa mipangilio yake ya mtandao uisome humo.