Uliza Yaya: Mpox iko kwenye parsele, sisi tunagombania bariere

Barua za mwezi huu wa Septemba 2024 karibu zote zinaongea mpox, ule ugonjwa wa vipele, kwa hiyo mambo ya ndoa na ya deni za likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) yatangoja toleo lijalo, mnisamehe. Nimechagua tatu, nimezikata kidogo juu kuna mmoja aliniandikia kurasa nne.

*Yaya jambo. Mie ni mama wa biashara, naishi Birere, kila asubuhi navuka Petite Barrière, bariere ya mpaka wa Rwanda, na beseni yangu, nachukua nyanya na karoti Gisenyi, narudi kuuza hapa Goma. Jumapili kwenye kikao cha avenyu watu walitaka kupigana. Kuna papa mmoja alisimama akasema serikali ifunge bariere, ifunge soko, ifunge mashule, kila mtu abaki kwake siku 21 ugonjwa utakufa wenyewe. Wengine wakamcheka, eti mpox ni biashara ya wakubwa sawa vile Ebola ilikuwa, hakuna kitu, tuendelee na maisha. Bwana yangu iko upande wa kufunga, juu yeye iko na mshahara wa mwezi. Mie nikikosa kuvuka siku mbili watoto hawali. Nani anasema kweli? – Mama Beseni, Birere*

Mama Beseni, ile ya bwana na mshahara nimeisoma mara mbili nikacheka peke yangu. Kikao kizima hakikuona kile wewe uliona, mwenye kusema tufunge mara mingi ni yule ambaye chungu chake hakitegemei bariere. Lakini tusiishie kumcheka, tuangalie kama kufunga kungesaidia kweli.

Mpox haitembei sawa korona. Hii inapenda ngozi kwa ngozi: kulala kitanda kimoja, kufanya mapenzi, kubeba mtoto mwenye vipele, kuvaa nguo yake, kujifunika shuka lake, na kukaa uso kwa uso na mgonjwa muda mrefu nako kunaweza kukuletea. Hii aina mpya wanayoita kladi Ib ilionekana kwanza Kamituga, kule machimbo ya dhahabu Sud-Kivu, mwezi wa Septemba 2023, ikapitia kwa wachimbaji na wasichana wa kwenye vilabu, kiisha ikafika Bukavu, ikafika Uvira, ikatufikia na sisi, na Septemba 2024 hii iko ndani ya nyumba na kwenye kambi za waliokimbia vita, fasi familia ya watu saba inalala chini ya bashi moja ya plastiki na kugawana bidoni moja ya maji. Sasa wewe na nyanya zako pale bariere, unanawa mikono, wanakupima homa, humkumbatii mtu, unapita. Hatari yako pale ni kidogo kuliko ya kurudi jioni na kulala shuka moja na mtoto mwenye vipele.

Na zile siku 21 za papa, mtu alimwelezea nusu. Siku 21 ni muda mrefu zaidi ambao mtu mmoja aliyeguswa anaweza kukaa kabla dalili hazijatoka. Haina maana kwamba mji ukifungwa siku 21 kila kitu kimeisha. Fikiria parsele, kiwanja kimoja cha wapangaji, ya watu kumi na choo kimoja, tena wengi wetu njo tunaishi vile: mtoto anaumwa leo, anamwambukiza dada yake, dada anatoka vipele siku ya 15, yeye naye anamgusa mama, hesabu inaanza upya, na nyie mko mumefungiwa pamoja ndani. Umefunga mlango na nyoka iko chini ya kitanda.

Bariere yenyewe tulishaijaribu. Tarehe 1 Agosti 2019, wakati wagonjwa wa Ebola walianza kuongezeka hapa Goma, Rwanda walifunga, na siku ile ile wakafungua. Mwaka 2020 kwa korona ilifungwa kweli kweli tangu Machi, malori yakapita, mama wa mabeseni hawakupita, na nyie wa Birere hamuhitaji mie niwaambie watu walipita wapi usiku. Pale njia za panya hakuna ndoo ya maji, hakuna wa kupima homa, hakuna wa kuandika jina. OMS (Shirika la Afya Duniani) nayo ilipotangaza dharura ya dunia tarehe 14 Agosti mwaka huu, siku moja baada ya Africa CDC, kituo cha Afrika cha kupambana na magonjwa, inayoongozwa na Mukongomani mwenzetu Docteur Jean Kaseya, haikuomba mipaka ifungwe.

Wale wa «ni biashara» siwatukani. Wanakumbuka. Wakati wa Ebola jeep zilijaa huku, nyumba za kukodi zilipanda bei, na wakati ule ule surua ilikuwa inaua watoto, tangu 2019 mpaka mwanzo wa 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini kwetu wakati Ebola yote nzima ya miaka ile, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliua 2,287. Mtu akiona hesabu hiyo ana haki ya kuuliza pesa zinafuata nini. Lakini hasira yako haifuti virusi. Mpaka katikati ya Agosti mwaka huu wagonjwa wa mpox nchini walishapita 15,600 na waliokufa 537, na wengi ni watoto. Mtu anaweza kula pesa za ugonjwa na ugonjwa ukawa wa kweli, vyote viwili vinaingia kwenye beseni moja.

Kwa hiyo bwana yako mwambie hivi: badala ya kutaka kufunga kila kitu, aombe shule iwe na maji na sabuni kila siku, siyo siku ya wageni tu.

*Yaya, mie ni mwanafunzi wa chuo, napanga chumba Ndosho. Jirani kwenye parsele iko na mtoto wa miaka 3, siku ya nne sasa iko na vipele usoni na kwenye viganja. Mama yake anamfungia ndani, ukimuliza anasema ni variseli (tetekuwanga), na jana nilimuona anampaka poda nyeupe ili vipele visionekane. Robine yetu ya maji ni moja. Nikienda kusema kwa enfirmye (muuguzi) wataniita msaliti, nikinyamaza silali. – Mpangaji*

Mpangaji, barua yako njo iliyonifanya niandike ukurasa huu. Wakubwa wanabishana tufunge tusifunge, na mambo yote yanaamuliwa kwenye chumba hicho chenye poda.

Inaweza kuwa variseli kweli. Zinafanana mpaka waganga wanakosea. Lakini vipele vya kwenye viganja na nyayo, na tezi zilizovimba shingoni ao chini ya taya, hivyo vinaelekea zaidi mpox, na wa kuamua siyo wewe wala mie, ni sampuli. Na sampuli haipandi tena ndege kwenda Kinshasa, INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ya Docteur Muyembe iko na laboratwari hapa Goma tangu 2020.

Nikukumbushe mwaka 2019 juu watu wamesahau. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola hapa mjini alikuwa pasta, alitoka Butembo na bisi, njiani kwenye vituo vya kupima alitoa majina tofauti tofauti, alijificha kabisa. Lakini alipofika, tarehe 14 Julai, alienda kituo cha afya na homa yake, pale wakashtuka siku ile ile, wakamtafuta dereva na abiria 18 wa ile bisi wakachanjwa. Pasta alikufa, lakini Ebola yake haikumwambukiza mtu hapa Goma. Wa pili alikuwa mchimbaji wa dhahabu kutoka Ituri. Alianza kuumwa karibu tarehe 22 Julai, akabaki nyumbani karibu na mke wake na watoto, mpaka tarehe 30 njo alifikishwa kwenye kituo cha Ebola, kesho yake akafa. Kwake waliambukizwa mke wake na mtoto wao mdogo wa mwaka mmoja. Mungu mkubwa, wote wawili walipona. Lakini angalia tu: mji ule ule, mwezi ule ule, bariere ile ile, na kati ya yule na huyu tofauti ilikuwa wiki moja ya kukaa ndani.

Sasa kwa nini watu wanakaa ndani? Nitakuambia na mie nilifanya nini, na sijivunii. Wiki ile ile ya pasta, mdogo wangu alishuka kutoka Butembo, bisi ingine, hana homa hana nini. Tulimlaza jikoni. Tukampa sahani yake na kikombe chake cha bati. Mama alikuwa anachora mstari mmoja wa makala ukutani kila asubuhi, mpaka mistari 21. Siku ya tano hivi alimaliza chai, mie nikakichukua kile kikombe na vidole viwili nikakitumbukiza kwenye maji ya klore mbele yake, na akaniangalia. Hakusema kitu. Mwaka jana aliumwa malaria, alikaa siku tatu bila kutuambia. Nilimuliza kwa nini, akasema «sikutaka tena kulala jikoni». Ile mistari iko bado ukutani, tulipaka rangi mara mbili inatokea.

Kwa hiyo usianze kwa enfirmye wala kwa shefu wa avenyu. Anza kwa mama mwenyewe, jioni, peke yako, na kipande cha sabuni mkononi. Usiseme «mtoto wako iko na mpox», sema «kesho tumpeleke, mie nitakushikia huyu mwingine», na kama unaweza changa pesa ya motari. Anaogopa kufungiwa mbali na watoto, anaogopa mwenye nyumba atamfukuza, kwa hiyo ongea na wapangaji wengine mbele, muahidiane hakuna wa kumfukuza. Akikataa mara mbili, hapo nenda kwa reko, yule mhamasishaji wa afya wa kartie, bila uoga wowote, waseme wanavyotaka, mtoto wa miaka 3 hana mdomo wa kujitetea.

Na kama atauliza kwenda lopitali kuna faida gani wakati hakuna dawa, mjibu hivi. Walijaribu hapa hapa Kongo dawa inaitwa tekovirimati, matokeo yalitangazwa Agosti hii, haikuharakisha kukausha vipele. Lakini kati ya wagonjwa waliolazwa kwenye ule utafiti, waliopewa dawa na wasiopewa, walikufa 1.7 kwa mia, wakati kawaida nchini ni 3.6 kwa mia na zaidi. Kula vizuri, maji, kupanguswa vidonda, kutibiwa haraka kidonda kikioza, njo dawa yenyewe. Septemba 2024 hii, hapa karibu wagonjwa wanapokelewa Munigi, lopitali jenerali ya Nyiragongo. Mkingoja kupelekwa, mtoto awe na mkeka wake, shuka zake zisikung'utwe, zifuliwe peke yake na maji moto na sabuni, na poda iachwe. Anaambukiza mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya itoke, ni wiki 2 mpaka 4, siyo mpaka homa iishe.

*Yaya, mie motari, nabeba abiria na pikipiki, wa Majengo. Wenzetu ng'ambo wanachanjwa tayari na ugonjwa mwingi uko kwetu, hii ni haki? Ao sisi tunangojewa kuwa kobaye, wa kujaribiwa dawa? Tena mambo ya kaske, ile kofia ya pikipiki, abiria wananirudishia eti italeta mpox. Na mama yangu iko na ile alama kubwa ya chanjo kwenye mkono, anasema yeye haimshiki. – Motari*

Motari, hapo kwenye haki niko na wewe. Rwanda walianza katikati ya mwezi huu na dozi 1,000 tu, mipakani kwao. Sisi zilifika Kinshasa tarehe 5 na 7, karibu 200,000 kutoka Umoja wa Ulaya, na mpaka naandika Septemba 2024 hakuna mkono hata mmoja wa Goma ulikuwa umechomwa, ahadi ilikuwa mwanzo wa Oktoba. Sababu ziko: inatunzwa kwenye baridi ya -20, ni sindano mbili zinazoachana wiki 4, Septemba 2024 ilikuwa ya watu wazima tu, na lazima kuamua nani anatangulia, waganga na walioguswa na wagonjwa kwanza. Sababu nzuri, lakini mtu aje azisome kwenye radio kwa Kiswahili, juu wakinyamaza, radio trotwari, maneno ya barabarani, inasoma badala yao.

Kobaye, hapana. Hiyo chanjo ilishachomwa watu wengi Ulaya na Marekani tangu 2022. Lakini nyie wa Majengo nawaelewa kuuliza. Mwaka 2019 mjadala wa chanjo ya pili ya Ebola ulifika mpaka waziri wa afya Oly Ilunga, hakuitaka ile chanjo, akaacha kazi tarehe 22 Julai, kiisha Novemba chanjo ile ile ikaletwa Goma, na fasi za kwanza zilikuwa Majengo na Kahembe. Mtu aliyeona hayo akiuliza maswali leo, ajibiwe, asiitwe mjinga.

Kaske: ipanguse ndani na kitambaa chenye sabuni kila abiria akishuka, tena mbele ya macho yake, na mama mwenye kitambaa kichwani mwache avae juu ya kitambaa. Ukiona mwenye vidonda wazi, mpeleke kituo cha afya lakini avae mikono mirefu, kiisha osha kiti.

Mama yako na alama yake anasema nusu ya kweli. Hiyo ni ya ndui, walichanja mpaka ndui ikatangazwa imeisha duniani mwaka 1980, na ndui na mpox ni ndugu, kwa hiyo inamkinga kidogo mpaka leo, wewe mwenyewe hauna. Lakini haimfungi kabisa. Mjukuu akitoka vipele asimbebe mgongoni.