Kabla Hujajaza Gesi, Chunguza Difrosti

Friji la zamani la milango miwili: juu nyama imeganda kama jiwe, chini maziwa yanachacha na mchicha unanyauka. Kompresa haipumziki. Fundi wa haraka atagusa mabomba mawili kisha atasema gesi imepungua. Usimlipe bado. Kwa mafriji ya nofrosti, yale yenye feni ndani ya freeza, dalili hiyo mara nyingi ni ya difrosti (mfumo wa kuyeyusha barafu ya ndani) iliyokufa, na gesi haina kosa lolote.

Koili ya baridi imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki wa freeza. Feni inapitisha hewa hapo, nyingi inabaki juu, kidogo inateremka chini. Kila mlango ukifunguliwa, unyevu wa Dar unaingia na kwenda kuganda kwenye koili. Taima ya difrosti ndiyo inayotakiwa kuzima kompresa kila baada ya saa 6, 8 au 12, kutegemea friji, na kuwasha hita kwa dakika 20 hadi 30. Isipofanya hivyo barafu inaziba mapezi ya koili, na chumba cha chini, kinachoishi kwa hewa ya kuletewa, ndicho kinachoumia kwanza.

Chomoa plagi, fungua skrubu, toa ule ukuta. Ukigoma, barafu imeushika. Yeyusha pembezoni tu kwa kitambaa cha maji ya moto, maana ile barafu yenyewe unataka kuiona. Ikiwa koili nzima ni nyeupe kuanzia juu hadi chini, gesi ipo, tatizo ni difrosti. Ikiwa barafu imeshika mikunjo michache tu mahali gesi inapoingilia na kwingine ni pakavu, hapo kweli gesi ni pungufu, na kuna mahali inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kujaza pakacha. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi hapa ni yule mwenye mtungi wa gesi.

Ukishaona, yeyusha yote: milango wazi usiku kucha, au sufuria ya maji ya moto ndani na matambara chini. Kisu kiache jikoni. Koili ni ya aluminiamu, na tundu la ncha ya kisu linatoa gesi yote.

Taima hukaa nyuma karibu na kompresa, chini kwa mbele, au pamoja na thamostati. Ina tundu lenye mfereji mdogo. Friji likiwa linafanya kazi na koili imeshapata baridi ya kutosha, zungusha polepole kwa bisibisi bapa, kwa mwelekeo wa saa, mpaka ilie "tak" na kompresa izime. Kama baada ya dakika chache unasikia maji yanachuruzika ndani, hita ni nzima. Taima ndiyo haizunguki yenyewe. Thibitisha kwa kuweka alama ya kalamu, kisha iangalie baada ya kompresa kufanya kazi saa 3. Alama haijasogea? Nunua taima.

Kama hakuna joto, chomoa tena na utoe mita ya kupimia umeme. Hita ya wati 200 kwa volti 230 inasoma karibu omu 265. Ya wati 150, karibu 350. Isiposoma kitu imekatika. Ile ya bomba la kioo usiishike kwa vidole vyenye mafuta, na kile kibati cha juu yake kirudishe: kinazuia matone ya baridi yasipasue kioo cha moto.

Bimetali, ile swichi ndogo ya kwenye koili inayokata hita joto likitosha, ndiyo inayotupwa bure kuliko spea zote. Mtu anaipima mezani, mita hailii, anasema imekufa. Lakini bimetali nzima haipitishi umeme ikiwa kwenye joto la chumba; inafunga saketi ikipata baridi ya chini ya sifuri, na kuachia karibu nyuzi 10 au zaidi kidogo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, izike kwenye barafu iliyopondwa yenye chumvi nyingi kwa dakika 15, ndipo uipime. Barafu tupu haitoshi, inaishia sifuri. Iliyovimba au kupasuka haina haja ya kipimo.

Mafriji mengi ya Asia yana pia fyuzi ya joto kwenye waya huohuo. Ikiungua, usiunge moja kwa moja. Iliungua kwa sababu hita haikuzimwa, mara nyingi bimetali imeganda ikiwa imefunga, na ukiiruka fyuzi unayeyusha plastiki ya freeza, au unaunguza nyumba.

Ukienda Kariakoo beba spea ya zamani mkononi. Linganisha volti, wati, urefu na mpangilio wa pini. Friji la mtumba la Marekani, la volti 115 na transfoma yake, ukilifunga hita ya volti 230 utapata robo tu ya joto. Transfoma pia haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: taima ya hezi 60 kwenye umeme wetu wa hezi 50 inachelewa, saa 8 zinakuwa saa 9 na dakika 36. Wakati wa masika, mpira wa mlango ukiwa umelegea, ucheleweshaji huo unaonekana kwenye koili.

Bimetali irudishwe palepale ilipokuwa, kwa kawaida bomba la juu. Ukiisogeza karibu na hita itaachia mapema na barafu itabaki. Maungio ya waya yafunike kwa silikoni, si selotepu tupu, kwani yatalowa kila siku, na kwa walio Kigamboni au Msasani chumvi ya hewani inamalizia.

Kabla ya kurudisha ukuta, mimina nusu lita ya maji vuguvugu kwenye mfereji chini ya koili. Yafike kwenye sinia juu ya kompresa. Yasipofika, zibua kwa sirinji na maji ya moto, vinginevyo yataganda humo na kumwagikia kwenye droo za mboga. Washa, subiri siku 4, kisha fungua tena uiangalie koili.