Kunyimwa mkopo wa kulipa madeni, anza na salari slipu
Pole sana dada, inauma kujaza mafomu yote halafu unaambiwa haiwezekani. Umesema we ni mwalimu huko Moshi, una mikopo mitatu ulitaka uilipe kwa mmoja. Mimi yalinikuta hapa Arusha, nikatoka benki nikakaa chini ya mti karibu na Clock Tower na salari slipu mkononi napiga hesabu kwa simu, basic (mshahara wa msingi kabla ya makato) 900,000, wakiweka rejesho jipya inabaki 260,000 wakati inatakiwa ibaki theluthi moja ya basic yani 300,000, hapo hawatoi hata ubembeleze. Rudi kawaulize sababu hasa. Na omba ripoti yako ya mikopo kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, zile zenye leseni ya BoT (Benki Kuu), yangu ilionyesha deni nililomaliza zamani bado linasoma, nikapeleka risiti likafutwa. Halafu maliza kwanza kale kadeni kadogo makato yashuke, ndo urudi uwaambie benki wanunue madeni yaliyobaki, yani wayalipe wao ubaki na mkopo mmoja. Ila nakuomba usiende kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, wale wanashika mpaka kadi ya ATM na namba ya siri. Ukipata sababu niambie tupige hesabu pamoja.