Maswali na majibu: ukoo wa mtoto Virginia Dare

Huyu Virginia Dare ni nani mpaka watu wanahangaika na ukoo wake?

Ndo mtoto wa kwanza wa Kiingereza anayejulikana kuzaliwa kwenye koloni la Marekani, tarehe 18 Agosti 1587, kisiwa cha Roanoke, leo North Carolina. Siku tisa baadaye babu yake mzaa mama, John White, gavana wa koloni, akapanda meli kurudi Uingereza kutafuta msaada, vita na Wahispania vikamkwamisha huko, karudi 1590 tena siku ileile ya bethdei ya mjukuu, kijiji kitupu, kwenye nguzo wamechonga CROATOAN, jina la kisiwa cha jirani. Mtoto hakuonekana tena.

Wazazi wake wanajulikana?

Tena vizuri tu. Mama Eleanor White, baba Ananias Dare, fundi wa matofali na vigae wa parokia ya St Bride's, London. Uingereza makanisa yaliamriwa tangu 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, kwa hiyo kuna pa kuanzia kupanda juu kwenye ukoo. Ila ubatizo wa Virginia mwenyewe usiutafute London, tunaujua kwa sababu babu aliuandika kwenye taarifa yake ya safari.

Mume wangu Mmarekani, wanaitwa kina Dare, mama mkwe anasema ni kizazi cha Virginia. Kweli?

Dada, usibishane na mkwe mezani, ila hapana. Hakuna karatasi inayoonyesha Virginia alifika hata mwaka mmoja, achilia mbali kuolewa, na hata angeolewa jina la Dare lisingepita kwake kwa mila za Waingereza. Ananias alikuwa na mtoto wa kiume, John, aliyebaki Uingereza, na miaka ya 1590 iliombwa apewe mali ya baba yake maana mzee hajulikani aliko. Kama kuna kina Dare wa damu hiyo mimi ningeanzia kwa huyo John.

DNA haiwezi kumaliza ubishi?

Wailinganishe na nini sasa? Mifupa ya Virginia haijapatikana.

Na yale mawe yenye maandishi yanayodaiwa kuchongwa na mama yake?

La kwanza lilitokea 1937, watu wanabishania mpaka leo. Yaliyofuata, zaidi ya 40, yaligundulika feki, na kuna watu bado wanayatumia kujenga ukoo kwenye intaneti, wanamtajia mtoto hadi mume na wajukuu!