Tuulize Gemu: Magongo ya Barafuni

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinahusu michezo ya zamani ya magongo ya barafuni, ile ya kwenye mashine za kaseti na za Sega.

SWALI: Habari za kazi. Hapa Mwanga tuna mashine ya kaseti yenye michezo kibao, na mmoja ni ule wa Nintendo wa magongo ya barafuni, wenye wachezaji wembamba, wa kati na wanene. Soka naliweza vizuri tu, lakini huu umenishinda. Kila nikipiga kipa anadaka, halafu mimi nafungwa magoli ya kizembe. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Makosa yako ni mawili, ndugu yetu, na yote umeyabeba kutoka kwenye soka. Mchezo huo ni Ice Hockey wa mwaka 1988. Kila upande una watu 4 wa kuteleza na kipa 1, wakati kwenye uwanja wa kweli wanaoteleza huwa 5. Kinachogombewa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, upana sentimita 7.6, unene sentimita 2.5.

Kosa la kwanza liko kwa kipa. Kipa wako hapo hana akili yake mwenyewe. Msalaba wa pedi unaomwendesha mchezaji ndio huohuo unaompandisha na kumshusha kipa golini. Ukimfukuza adui kwa kubonyeza juu, kipa naye anapanda, upande wa chini wa goli unabaki wazi, na hata shuti la kinyonge linapita. Hayo ndiyo magoli yako ya kizembe. Kwa hiyo adui akishavuka mstari wa buluu wa upande wako, ule unaotenga eneo la goli lako, acha kumkimbiza. Toa macho kwa mchezaji, yapeleke kwa kipa, mweke kipa usawa mmoja na kisahani. Mchezaji wako msogeze zaidi kushoto na kulia kuliko juu na chini. Mwanzoni utaona kama umelala na kumwachia mtu nafasi. Vumilia mechi tatu nne, jicho litazoea.

Ukishaelewa hilo, umeshapata na njia ya kufunga, maana mpinzani wako naye anaendesha watu wawili kwa kidole kimoja. Panda na kisahani karibu na ukingo wa juu wa uwanja. Atakufuata, hana budi, na kipa wake atapanda naye. Hapo toa pasi ya kushuka kwa mwenzako aliye chini na upige mara moja. Ukicheza na kompyuta hila hii haina nguvu sana, kwa sababu kompyuta haina kidole cha kuchanganya. Ni ya kumchezea mtu.

Kosa la pili ni shuti. Shuti la mchezo huu halipigwi kwa kubonyeza, linapigwa kwa kuachia. Ukishika kitufe A mchezaji anarudisha gongo nyuma na nguvu inajaa. Ukiachia, kisahani kinatoka. Anayegusa tu na kuachia anamkabidhi kipa mkononi. Lakini anayejaza nguvu anakumbwa kirahisi. Kwa hiyo jaza ukiwa na nafasi ya kupumua, na ukiona mtu anakujia kwa kasi, achia hata kama nguvu haijafika mwisho. Shuti la nusu nguvu linalokwenda pembeni lina faida kuliko la nguvu zote lililokufia gongoni.

Kuhusu kuteleza: ukiona kule mwaloni Kibirizi kipande cha barafu kinavyosukumwa juu ya saruji iliyolowa, mkono umeshakiacha na chenyewe bado kinakwenda, ndivyo wachezaji hawa walivyo. Ukiachia msalaba hawasimami. Kumsimamisha mtu lazima ubonyeze upande wa pili, na ubonyeze mapema, kabla hajafika pale unapotaka asimame. Wanaotoka kwenye soka hukata kona wakiwa wamefika golini tayari, wakajikuta nyuma ya goli na kisahani chao.

Na kikosi. Mwembamba ana kasi na ni mzuri wa kugombea kisahani kinapodondoshwa katikati, ila shuti lake jepesi na akipigwa kikumbo kidogo tu ameanguka. Mnene ni mzito wa kwenda, lakini shuti lake ni la kutisha na kumwangusha ni kazi. Wa kati yuko katikati kwa kila kitu. Tunakushauri uanze na mwembamba 1, wa kati 2 na mnene 1. Wapo wanaopanga wanene wanne wakidhani nguvu itatosha. Kila kisahani kikitoka nyuma ya mabeki wao hakuna wa kukiwahi. Wembamba wanne nao huonekana wazuri mpaka wakutane na mtu anayejua kukumba.

SWALI: Pedi yetu ina vitufe vinne, A na B za kawaida na nyingine mbili juu yake zinazojibonyeza zenyewe ukizishika. Kwenye gemu la ndege zinasaidia sana kurusha risasi. Kwa nini kwenye magongo shuti linakuwa dhaifu hata nikishika muda mrefu?
*Kijana wa Ng'ambo, Tabora*

JIBU: Sababu umeitaja mwenyewe: zinajibonyeza. Kitufe cha turbo kinabonyeza na kuachia mara nyingi kwa sekunde moja. Umesoma juu hapo kwamba shuti linatoka kwa kuachia. Basi ukishika A ya turbo, mashine inaona umebonyeza ukaachia papo hapo, nguvu haijapata hata nafasi ya kujaa, na kisahani kinatoka kimepooza. Tumia A ya kawaida.

Kama A ya kawaida nayo inatoa mashuti dhaifu, shida iko ndani ya pedi. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye doa jeusi la kaboni, unaogusa ubao wa umeme. Doa likichakaa au likijaa vumbi (na vumbi la Tabora la kiangazi mnalijua), mguso unakatika-katika wakati umeshika, na mashine inasoma kila katizo kama umeachia. Fungua skurubu za nyuma, futa madoa na ubao kwa kitambaa kilicholowa kidogo spiriti ya duka la dawa, acha vikauke dakika 10 ndipo ufunge. Doa likiwa limefifia kabisa, lisugue kwa penseli ya 2B. Litashika kwa muda, si milele. Usitumie kisu kukwangua ubao, maana ukishatoa ule weusi wa njia ya umeme pedi haiponi tena.

SWALI: Wachezaji wakisongamana huwa wanaanza kupigana, halafu mmoja wangu anatolewa. Mimi sijapiga mtu! Refa anaamuaje?
*Mpenzi wa gemu, Ujiji*

JIBU: Refa haangalii nani kaanza. Kwenye Ice Hockey, watu wawili wanaposhikana kugombea kisahani na wengine wakajazana, ngumi zinaanza, na upande ulioshindwa ndio unaotoa mtu kwenda kwenye kiti cha adhabu. Anayebonyeza vitufe haraka zaidi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushinda. Kwa hiyo mnaposhikana, usikae ukitazama; bonyeza. Na kama mnene wako yuko mbali na mwembamba ndiye ameshikwa, ni afadhali usilete wenzake kwenye msongamano.

Usichanganye na Blades of Steel ya Konami, iliyotoka mwaka 1987 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo na baadaye ikaja kwenye kaseti. Pale ugomvi unatokana na kugusana mara kadhaa, mnabaki wawili tu mkirushiana ngumi za juu na za chini, na unaweza kujikinga. Aliyeangushwa ndiye anayeburutwa nje. Huko pia kuna mshale unaopanda na kushuka kwenye mdomo wa goli, unaokuonyesha shuti litakwenda wapi. Wengi huangalia kipa wakausahau mshale. Angalia mshale, piga ukifika pale ambapo kipa hayupo.

SWALI: Kaka ana mashine ya Sega na kaseti ya NHL '94. Yeye ananifunga mabao kumi kwa mtindo mmoja: pasi, halafu papo hapo shuti, kipa hajageuka. Nikijaribu mimi, mchezaji wangu anapokea kwanza ndipo anapiga. Naomba siri, na msimwambie.
*Mdogo mtu, Isevya, Tabora*

JIBU: Mdogo wetu, siri yenyewe iko kwenye kidole cha pili. B ni pasi, C ni shuti. Wewe unasubiri kisahani kifike ndipo ubonyeze C. Kaka anabonyeza B, na kisahani kikiwa bado njiani ameshashika C. Mpokeaji anainua gongo kabla hakijamfikia, na kikifika anakipiga bila kukituliza. Kipa alikuwa upande wa mtoa pasi, sasa inabidi ahame goli zima kwa muda mfupi asioumudu.

Yanayoharibu ni haya. Ukibonyeza C mapema mno, B haijamaliza kutoa pasi, aliye na kisahani ndiye atakayepiga. Pasi ikiwa fupi, hupati muda wa kuweka kidole. Na mpokeaji akiwa nyuma sana, shuti linatoka mbali na kipa anawahi kurudi. Mwenye kisahani akae pembeni, mpokeaji awe mbele ya goli upande wa pili. Fanya mazoezi mara 20 bila kuhesabu magoli, hesabu tu ni mara ngapi gongo limeinuka kabla ya kisahani kufika.

Lipo na goli jingine la mchezo huo, halihitaji mwenzako. Pita mbele ya goli ukikatiza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, karibu kabisa na kipa. Atateleza akikufuata. Ukishavuka katikati, piga kurudi kule ulikotoka. Kipa anayeteleza hawezi kugeuka ghafla, sawasawa na mchezaji. Timu ya Chicago, yenye mshambuliaji Jeremy Roenick, hulifunga hili kirahisi sana, ndiyo maana mabanda mengine humkataza mtu kuchagua Chicago. Sisi tunaona heri wote wawili wachague timu moja kuliko kukataza.

Na kuzuia? Kwenye mpangilio wa mwanzo unaweza kuchagua kumwendesha kipa mwenyewe. Usifanye hivyo kwa sasa. Mwache ajiendeshe, wewe shika beki, usikimbilie mwenye kisahani. Simama kwenye njia ya pasi. Kaka hana goli asipopata pasi ile.

SWALI: Tumenunua TV bapa badala ya ile ya chogo. Sasa kila kitu kinachelewa, na mashine nyingine inatoa picha nyeusi na nyeupe. Turudishe TV dukani?
*Mwenye banda, Gungu, Kigoma*

JIBU: Msirudishe kwanza. TV ya chogo huonyesha picha inapoingia tu. TV bapa huipokea, huisafisha na kuikuza ndipo iionyeshe, na kazi hiyo inaweza kula milisekunde 50 hadi 100. Mashine inachora picha 60 kwa sekunde, kila picha takriban milisekunde 17, kwa hiyo mnachelewa picha 3 hadi 6. Kwenye gemu la karata hakuna atakayejua. Kwenye pasi na shuti la papo hapo ndilo goli lote hilo. Ingieni kwenye menyu ya picha, tafuteni hali ya gemu (Game Mode), na mzime vikolezo vyote vya kulainisha picha na kupunguza chenga. Kama TV haina hali ya gemu, ile ya chogo iwe ya magongo, hii iwe ya soka la PlayStation.

Picha nyeusi na nyeupe inatokana na mfumo wa rangi: mashine inatuma NTSC, TV imewekwa PAL, au kinyume chake. Badilisheni mfumo wa rangi uwekwe Auto, TV ijichagulie yenyewe. Na mashine ya picha 50 kwa sekunde mara nyingi huenda polepole kuliko ya 60, karibu sehemu 1 kati ya 6, kwa hiyo aliyezoea moja atapiga mapema au kuchelewa kwenye nyingine. Msichanganye mashine hizo mbili kwenye shindano moja.

SWALI: Tuko wanane, tunataka kushindana Jumamosi kwa NHL '94. Tupange vipi?
*Kundi la Kanyenye, Tabora*

JIBU: Chagueni vipindi vya dakika 5. Vipindi ni 3, ni dakika 15 za saa ya mchezo, na pamoja na kusimama-simama pangeni dakika 25 kwa mechi. Mtoano wa watu 8 ni mechi 7, kama saa 3. Mkitaka kila mtu acheze na kila mtu ni mechi 28, hiyo haimaliziki siku moja. Wekeni adhabu zote isipokuwa kuotea. Mpangilio unaruhusu hivyo. Kuotea hapo ni mshambuliaji kuvuka mstari wa buluu kabla ya kisahani, na kwa wageni kunakatiza mchezo kila mara. Kabla ya mechi ya kwanza, kila mmoja ajaribu pedi zote mbili kwa dakika moja. Pedi yenye C inayokwama itolewe hapo hapo, isisubiri mtu afungwe ndipo ilaumiwe.