Kuuza kempa kuukuu ya paa la kunyanyua: ziba maji, onyesha palipooza

Kempa ninayoizungumzia, yaani kijumba cha kulala safarini, ni ile inayobebwa mgongoni mwa pikapu, siyo ya kukokotwa. Ukifika unapolala unanyanyua paa, kuta za turubai zinasimama. Ukiondoka unalilaza tena ili upepo usikusumbue barabarani. Hapa jimbo la Washington, Marekani, ninakoishi, utaziona kwenye nyua za watu wengi, na Waswahili wenzangu kadhaa wanazo kwa ajili ya kuvua samaki na kulala msituni kiangazi. Mwaka jana niliuza yangu ikiwa na kona iliyooza, turubai lenye matundu na hita iliyogoma kuwaka. Tangu hapo wenye zao wananiuliza: nitengeneze kwanza, au niuze hivihivi?

Jibu langu ni hili. Zuia maji yasiendelee kuingia, ondoa kila kinachoweza kumdhuru mtu, halafu mengine yaache yalivyo na uyataje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Hesabu yenyewe inakataa matengenezo makubwa. Karakana za kempa huku mara nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa, na kazi ya mbao zilizooza huijui ukubwa wake mpaka umebandua. Unatoa kipande cha plaiwudi, unakuta fremu nayo imekwisha, unafuata fremu, unafika kitandani. Pesa hiyo hairudi kwenye bei. Isitoshe, anayetafuta kempa ya umri huu mara nyingi ni mtu wa kushika nyundo mwenyewe, na ana mipango yake. Magodoro mapya na mapazia uliyomchagulia wewe atayatoa wiki ya kwanza.

Kuna rafiki yangu wa Mombasa aliyeniambia, kwa nia njema kabisa, "Ndugu yangu, pigilia ubao mpya juu yake, paka rangi, nani atajua?" Nilikataa. Ukiandika kwenye mkataba kwamba unauza kitu kama kilivyo, hiyo haikupi ruhusa ya kuficha ubovu unaoujua. Mnunuzi anaweza kukushitaki kwa udanganyifu. Na hata sheria isingekuwepo, kuna watoto watakaolala mle ndani. Hilo peke yake lilinitosha.

Sasa maji. Kwenye kempa hizi adui ni maji, na njia zake zinajulikana. Anza na zile taa ndogo za mbele, juu ya kichwa cha gari: kila skrubu ya taa ni tundu, na upepo wa barabarani unasukuma mvua moja kwa moja humo. Kisha kagua ukingo wa paa, kifuniko cha tundu la hewa, na fremu za madirisha. Ndani, inua godoro la kitanda cha juu ubonyeze kona zote mbili kwa kidole gumba. Mbao nzima ni ngumu. Iliyooza inabonyea, na ukiigonga kwa mpini wa bisibisi inatoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Kile kipimo cha unyevu chenye pini mbili si ghali, na kinakupa namba ya kumwonyesha mnunuzi. Kikisoma zaidi ya asilimia 20, hiyo mbao imo hatarini kuoza, kama haijaoza tayari.

Ukishajua panapovujia, usirundike silikoni juu ya silikoni. Gundi nyingine haishiki juu yake, na atakayekuja kutengeneza baada yako atailaani kazi hiyo. Kwangua yote ya zamani, fungua taa, weka utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini yake, funga tena, halafu juu ya paa tumia ile gundi laini inayotengenezwa kwa ajili ya mapaa ya mpira. Ni kazi ya mwisho wa wiki na haitakumalizia pesa. Piga picha kabla na baada. Ile mbao iliyooza ndani usiiguse. Iache wazi, ionekane.

Mnunuzi wangu alikuwa mama mmoja, seremala. Nilikuwa nimeshaweka picha ya kona ile kwenye tangazo, tena ikiwa ya kwanza. Alipanda kitandani na tochi, akalala kifudifudi, akachokoa kwa kisu kidogo kuanzia palipooza kwenda kulia, sentimita baada ya sentimita, mpaka ncha ikakataa kuingia. Akaweka alama ya penseli pale. Aliposhuka alikuwa anajua atanunua mbao kiasi gani. Nilikuwa naomba dola 3,500, akatoa 3,200, tukapeana mikono. Waliotangulia kufika hawakulalamikia kuoza kwenyewe. Waliuliza tu kumefika wapi. Ukiwa na jibu, bei haianguki sana.

Kwenye gesi sina masihara hata kidogo. Paka maji ya sabuni kwenye kila maungio kuanzia mtungini, na usijaribu kamwe kwa kiberiti. Povu likitokea, funga mtungi na usimwonyeshe mtu jiko mpaka fundi amepita. Tazama na tarehe iliyogongwa kwenye kola ya mtungi, yaani ile pete ya chuma inayozunguka vali juu, kwa sababu ukishatimiza miaka 12 haujazwi mpaka ukaguliwe upya. King'ora cha gesi na kile cha kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, vina tarehe za kuisha pia. Vikiwa vimepitwa, nunua vipya, hata kama ni kempa unayoiuza kwa bei ya kutupa. Hita yangu, kwa kuwa ilikuwa imegoma, niliikatia gesi nikabandika karatasi: haifanyi kazi, isiwashwe.

Friji za kempa nyingi hufanya kazi kwa joto, haraka hazina, na zinataka kempa ikae sawa bila kuinama. Iwashe jioni ya siku moja kabla, uweke kipimajoto ndani. Mnunuzi akifungua akutane na ubaridi, siyo maelezo.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi ni uzito. Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa pikapu kuna stika inayosema jumla ya watu na mizigo isizidi kiasi gani. Uzito ulioandikwa na kiwanda kwa kawaida ni wa kempa tupu. Galoni 20 za maji peke yake ni kama kilo 75, bado betri, mitungi na vyombo. Kapime yako kwenye mizani ya malori, pikapu ikiwa na kempa na ikiwa haina, uandike tofauti kwenye tangazo. Kijana mmoja alikuja na pikapu ndogo na pesa mkononi. Tulisoma stika yake pamoja, nikamwambia hii siyo yako. Alikasirika, lakini nisingeweza kumwacha ashuke milima ya Cascade na mzigo ule.

Muda mzuri wa kutangaza ni Machi hadi Mei, watu wanapopanga safari. Piga picha paa likiwa limenyanyuliwa na likiwa limelazwa, na moja ya turubai dhidi ya jua ili matundu yaonekane. Hati usiichukulie kirahisi: Washington na Oregon kempa ina hati yake ya umiliki, majimbo mengine yana utaratibu tofauti, kwa hiyo ulizia kwenu kabla ya kutangaza. Malipo yafanyikie ndani ya benki ya mnunuzi. Anayetaka kukutumia hundi yenye pesa zaidi ya bei, ili umrudishie chenji, ni tapeli.

Siku ya kupakia, mwaga maji yote ya tangi. Jeki za pembeni zipandishwe kidogo kidogo kwa zamu, na mtu yeyote asiingie chini ya kempa wala ndani yake ikiwa imesimama juu ya jeki. Mwambie mnunuzi asimame baada ya maili chache akaze tena vifungio, maana vitakuwa vimelegea. Na mwandikie kwenye karatasi rangi ya kila waya wa plagi inayounganisha umeme wa kempa na pikapu, na kazi yake, kwa kuwa plagi ya pikapu yake huenda imeunganishwa tofauti na yako, na taa za nyuma lazima ziwake kabla hajatoka uani kwako.